Swali Lililojibiwa kama Salamu: Lugha ya Hati ya Bima na Uteuzi wa Bima ya Safari ya Baharini

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha ya hati ya bima ya safari, hususan safari ya melini, na athari zake kwa mteja anayefikiri na kuzungumza kwa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba anayechagua bima kwa kulinganisha bei peke yake hajachagua lolote. Kinachochaguliwa hasa ni maneno, na maneno hayo aghalabu humfikia mteja yakiwa yamepoteza maana iliyokusudiwa. Kwa kutumia kisa kimoja cha mtaa wa Kiandutu, Thika, makala yanaonyesha jinsi swali moja lililoulizwa vibaya lilivyobatilisha fidia ya mama mzee. Aidha, yanapendekeza mambo saba ya kuzingatiwa kabla ya kutia sahihi, pamoja na wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili katika suala hili.

1.0 Utangulizi

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Methali hii yafaa kuwa mlango wa mjadala wetu kwa sababu matangazo mengi ya bima huenda kinyume nayo. Humwambia msikilizaji kuwa bima ni kinga, ni ngao, ni mwavuli. Ukweli ni kwamba bima haizuii meli kuzama, wala haimzuii abiria kuugua. Bima ni ahadi ya malipo, na ahadi hiyo imeandikwa. Kwa hiyo thamani yake haizidi thamani ya maneno yaliyomo, wala uwezo wa mteja wa kuyaelewa.

Wataalamu wa isimujamii wametufunza kuwa kila uwanja wa maisha una sajili yake. Tumezoea kuchambua sajili ya mahakama, ya hospitali, ya siasa na ya soko. Sajili ya bima haijapewa nafasi inayostahili katika mijadala yetu, ilhali kila anayepanda matatu nchini Kenya husafiri chini ya bima ambayo sheria inamlazimu mwenye gari kuikata. Makala haya yananuia kuziba sehemu ndogo ya pengo hilo. Tumeteua bima ya safari ya baharini kwa sababu mbili. Kwanza, bahari ndiyo iliyozaa bima: mkataba wa bima wa kale zaidi unaofahamika uliandikwa Genoa, Italia, mwaka 1347, na ulihusu safari ya chombo cha baharini. Pili, ni katika safari ya aina hiyo ambapo mwandishi wa makala haya alipata funzo lililomfanya aandike.

2.0 Neno "Bima" na Majirani Zake

Neno "bima" limeingia katika Kiswahili kwa njia ya Bahari ya Hindi. Linapatikana katika Kihindi na katika Kiajemi, na katika Kiajemi huhusishwa na neno "bim", lenye maana ya hofu. Asili hii ina mantiki. Mtu hukata bima kwa sababu anahofia jambo, na kampuni hupima hofu hiyo na kuipa bei.

Kitenzi kinachoandamana na neno hili ni "kukata". Twakata bima kama tunavyokata tiketi, leseni na rufaa. Katika miktadha hii yote, "kukata" ni kupata haki fulani kwa kufuata utaratibu rasmi. Mzungumzaji anaposema kwamba amekata bima, huhisi kuwa jambo limekwisha, kama abiria aliyekwisha kukata tiketi. Hapa ndipo tofauti inapojitokeza. Tiketi haimwulizi abiria habari za maisha yake. Bima humwuliza, na majibu yake huwa sehemu ya mkataba.

Istilahi nyingine zinahitaji uangalifu. Baadhi ya tafsiri huita hati ya mkataba "sera ya bima". Kosa hili limetokana na neno moja la Kiingereza lenye maana mbili. Sera ni msimamo au mwelekeo wa serikali, chama au taasisi. Karatasi anayopewa mteja ni hati. Anayeambiwa kuwa hiyo ni "sera ya kampuni" huenda akadhani kwamba ni jambo la ndani la kampuni lisilomhusu, kumbe ndiyo haki yake yenyewe. Vilevile, ni muhimu kutenganisha ada ya bima, ambayo mteja huilipa kampuni, na fidia, ambayo kampuni humlipa mteja baada ya hasara. Wengi hutumia neno "malipo" kwa yote mawili, na utata huanzia hapo.

3.0 Kisa cha Kiandutu

Kiandutu ni mtaa wa mabanda mjini Thika, jirani na Makongeni. Jina lake la Kikuyu linatokana na ndutu, yaani funza. Wakazi wake wengi huishi kwa vibarua vya viwandani na mashambani, kufua nguo na kuuza mboga. Mwandishi alilelewa huko. Watu wa nje hushangaa wanaposikia kuwa watu wa Kiandutu husafiri kwa matembezi. Hata hivyo, chama cha akina mama 12 wa mtaa huo kiliweka akiba ya shilingi 200 kwa kila mwanachama, kila wiki, kwa miaka mitatu, kwa lengo moja tu: kuiona bahari na kuivuka. Desemba 2022, walipanga kwenda Dar es Salaam kwa basi, kisha Unguja kwa meli, mwendo wa takriban saa mbili.

Wakala wa bima aliletwa kwenye mkutano wao. Fomu zilikuwa za Kiingereza, naye akawa anayafasiri maswali papo hapo ili kuharakisha kazi. Alipofika kwenye swali la afya aliuliza, "Kuna mgonjwa hapa?" Akina mama walicheka, wakajibu kwa pamoja, "Sisi tu wazima!" Wakala akatia alama ya "hapana" kwenye fomu zote 12. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa nimekwisha kuhitimu shahada ya kwanza ya Kiswahili, na nilikuwa nimeombwa nizipitie fomu kwa niaba yao. Nilizitupia jicho, nikawaambia, "Ziko sawa, tieni sahihi."

Miongoni mwao alikuwapo jirani yetu mzee, ambaye mtaa mzima humwita Cucu, yaani nyanya. Kwa miaka minane Cucu alikuwa akimeza dawa za shinikizo la damu kila asubuhi. Siku ya tatu Unguja, alipatwa na kiharusi. Alilazwa, kisha ikabidi arejeshwe nyumbani kwa ndege akiandamana na mhudumu. Dai la fidia lilipopelekwa, kampuni ilikataa kulipa. Ilieleza kwamba maradhi yalikuwapo kabla ya safari na kwamba mteja alikuwa ameyaficha. Deni lililipwa kwa harambee, kwa akiba yote iliyosalia ya chama, na kwa kuuzwa kwa kibanda cha mboga cha Cucu mwenyewe.

Cucu yu hai, ingawa mkono wake wa kulia hauna nguvu. Nilipokwenda kumjulia hali aliniuliza, "Mjukuu wangu, nilidanganya wapi?" Sikuwa na jibu. Uchambuzi unaofuata ni jaribio la kumjibu.

4.0 Uchambuzi: Ni Nani Aliye Mgonjwa?

M.A.K. Halliday alituelekeza kuitazama sajili kwa vigezo vitatu: uwanja wa mazungumzo, uhusiano wa wahusika na njia ya mawasiliano. Vigezo hivi vinamulika vyema yaliyotokea.

4.1 Uwanja. Katika uwanja wa bima, neno "ugonjwa" lina maana pana. Hujumuisha hali yoyote ambayo mtu amewahi kuichunguzwa, kutibiwa au kupewa dawa, hata kama haimsumbui. Katika matumizi ya kila siku ya Kiswahili, mgonjwa ni mtu aliyelala, asiyeweza kwenda kazini, anayetembelewa na jamaa. Anayeamka alfajiri, akameza kidonge chake na kwenda sokoni, ni mzima. Cucu alijibu kwa maana ya lugha yake, na katika lugha hiyo alisema kweli.

4.2 Uhusiano. Mzungumzaji wa Kiswahili hukutana na swali la afya mara nyingi kwa siku, nalo huwa ni salamu. "Hujambo?" hujibiwa "Sijambo", hata na mwenye mambo. "U mzima?" hujibiwa "Mzima", hata na mwenye homa, maradhi hutajwa baadaye, faraghani, kwa mtu wa karibu. Swali la wakala liliulizwa hadharani, kwa sauti ya uchangamfu, mbele ya watu 11 wengine. Kwa hiyo lilifika kama salamu, likajibiwa kama salamu. Kumtarajia mama mzee ataje dawa zake mbele ya mgeni na wenzake ni kutoujua utamaduni wa lugha.

4.3 Njia. Swali liliandikwa kwa lugha moja, likaulizwa kwa nyingine, na jibu likarejeshwa kwenye maandishi ya lugha ya kwanza. Swali la maandishi lilikuwa refu na lilitaja matibabu na dawa. Swali la mdomo lilikuwa na maneno matatu. Kilichopotea kati ya hayo mawili ndicho kilichohitajika siku ya kudai fidia. Sahihi ya Cucu iliwekwa chini ya maandishi, si chini ya mazungumzo.

Sheria ya bima imejengwa juu ya kanuni ya uaminifu kamili, ambayo Jaji Mansfield wa Uingereza aliieleza katika hukumu maarufu ya mwaka 1766. Kwa mujibu wa kanuni hii, mteja ndiye anayeijua hali yake, kwa hiyo anapaswa kuifichua. Kanuni hiyo ilienea katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza, Kenya ikiwamo. La kuzingatiwa ni kwamba Uingereza yenyewe imeilegeza kwa wateja wa kawaida. Sheria iliyopitishwa huko mwaka 2012 inamtaka mteja achukue uangalifu wa kadiri asitoe maelezo ya uongo, na katika kuupima uangalifu huo, uwazi wa maswali ya kampuni nao huzingatiwa. Kwa maneno mengine, swali bovu si kosa la mwenye kujibu peke yake. Huu ni msimamo wa kisheria, lakini kwa hakika ni msimamo wa kiisimu vilevile.

5.0 Namna ya Kuchagua: Mambo Saba

Yafuatayo yanamhusu anayesafiri kwa meli, iwe ni kivuko cha kwenda Unguja au meli kubwa ya kitalii kama zile zitiazo nanga Mombasa na Zanzibar. Ushauri wa jumla ni kwamba hati isomwe kuanzia nyuma. Kurasa za mbele hueleza yanayolipwa, na za nyuma hueleza yasiyolipwa. Maneno ya kutafutwa, kwa lugha yoyote hati ilivyoandikwa, ni yale yenye maana ya "isipokuwa", "mradi", "kwa sharti kwamba" na "haitahusu".

Kwanza, hati itaje bahari. Bima za kawaida za safari si zote zinazokubali safari ya melini. Nyingine huitoza ada ya ziada. Kutotajwa kusichukuliwe kuwa ni kukubaliwa.

Pili, matibabu na uhamishaji wa dharura. Daktari wa meli ya kitalii hutibu kwa malipo, na gharama huongezwa kwenye hesabu ya abiria. Bima ya afya ya nyumbani isidhaniwe kuwa itamfuata mtu baharini. Mgonjwa akihitaji kuchukuliwa kwa helikopta au kurejeshwa nchini kwake kwa ndege, gharama zaweza kufikia maelfu mengi ya dola. Kipengele hiki ndicho kizito kuliko vyote, na ndicho kilichommaliza Cucu. Mizigo iliyopotea hununuliwa upya. Deni la hospitali laweza kuiandama familia nzima.

Tatu, maradhi yaliyokuwapo kabla. Mteja ataje kila dawa anayotumia, kwa maandishi, na abaki na nakala. Kampuni yaweza kuongeza ada au kuyaondoa maradhi hayo kwenye fidia. Afadhali kuyajua haya kabla ya kung'oa nanga.

Nne, kufutwa na kukatizwa kwa safari. Hati iseme ni sababu zipi zinakubalika: ugonjwa, msiba wa jamaa, dhoruba, mgomo. Fidia ya kufutwa safari huanza kufanya kazi hati inapokatwa, si siku ya kuondoka. Kwa hiyo anayelipa nauli mapema akate bima mapema. Aidha, tukio likishajulikana kwa umma, kampuni hailipi hasara yake kwa anayekata bima baadaye. Anayenunua bima kwa mwenye meli aulize pia kama hati hiyo italipa endapo mwenye meli mwenyewe atafilisika.

Tano, mabadiliko ya njia. Meli yaweza kuiruka bandari, au kumwacha abiria aliyechelewa. Tarehe 5 Novemba 2005, meli ya kitalii Seabourn Spirit, iliyokuwa njiani kuja Mombasa, ilishambuliwa na maharamia karibu na pwani ya Somalia, ikaelekea Ushelisheli badala yake. Februari 2012, meli Costa Allegra iliungua mitambo katika bahari hiyohiyo, ikaelea bila umeme ikiwa na zaidi ya watu 1,000, ikaburutwa hadi Ushelisheli. Mwaka 2020, abiria wa Diamond Princess walizuiliwa karantini huko Yokohama, Japani, kwa sababu ya korona. Uharamia, moto na karantini ni mambo matatu tofauti katika hati ya bima. Uharamia waweza kuwekwa pamoja na vita na kutolewa kabisa kwenye fidia. Msomaji atafute kila kimoja kwa jina lake.

Sita, mipaka. Kuna kiwango cha juu ambacho kampuni haitakivuka, na kuna kiasi ambacho mteja hujilipia mwenyewe kabla kampuni haijatoa hata senti. Kuna pia mipaka ya mahali na muda. Kwa mfano, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar huwataka wageni kutoka nje ya Tanzania wawe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, ambalo liliasisiwa mwaka 1969. Kiwango chake cha kawaida kwa mtu mzima kiliwekwa kuwa dola 44 za Marekani kwa siku 92. Utaratibu huu ungekuwapo mwaka 2022, huenda kisa chetu kingesomeka vingine. Hata hivyo, bima hiyo ni ya muda wa kukaa Zanzibar. Anayetoka Thika bado ana barabara ndefu ya kufikiria.

Saba, utaratibu wa kudai. Hati itaje nambari ya simu ya dharura na muda wa kutoa taarifa. Dai laweza kukataliwa kwa sababu tu mgonjwa alilazwa kabla kampuni haijaarifiwa. Stakabadhi, taarifa ya daktari na ya meli zihifadhiwe. Dai likikataliwa bila haki, mteja nchini Kenya anaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, iliyoanza kazi mwaka 2007. Cucu hakujua hayo. Nami sikujua.

6.0 Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na huduma hiyo. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, ni vigumu kutetea desturi ya kumpa mama wa Kiandutu hati ya Kiingereza na tafsiri ya maneno matatu.

Wapo watakaosema kuwa Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Mjadala huu umeonyesha kwamba hoja hiyo haina mashiko, kwani hakuna dhana hata moja kati ya zile saba iliyotushinda kuieleza. Tatizo si ufukara wa msamiati. Tatizo ni kwamba sisi tunaojua lugha hatupo pale fomu zinapojazwa, na tukiwapo, huzitupia jicho.

Baada ya uchunguzi huu, swali la afya liliandikwa upya kwa Kiswahili kama ifuatavyo: "Je, katika miaka kumi iliyopita umewahi kupimwa, kulazwa, au kupewa dawa kwa ajili ya hali yoyote ya mwili, hata kama sasa unajihisi mzima? Unameza dawa gani kila siku au kila wiki?" Nililipeleka kwa akina mama wa chama kilekile, safari hii mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa. Wale wazima wa mwaka 2022 walianza kutoa vidonge mikobani: vya shinikizo, vya sukari, vya pumu. Hakuna aliyekuwa amekusudia kuficha. Hawakuwa wameulizwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kuchagua bima ya safari ni tendo la kusoma, na kwamba maana ya neno moja la kawaida yaweza kuwa na gharama ya kibanda cha mboga. Mapendekezo yetu ni matatu. Mosi, hati na fomu za bima ziandikwe kwa Kiswahili sanifu, maswali yake yakijaribiwa kwanza kwa wazungumzaji wa kawaida. Pili, sajili ya bima iingizwe katika kozi za isimujamii na tafsiri. Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vitenge siku za kuwasomea wananchi hati zao mitaani, kama wenzetu wa sheria na wa udaktari wanavyotoa huduma zao.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nimerejea kwa Cucu na kumjibu swali lake. Nilimwambia, "Cucu, hukudanganya popote. Wewe ulijibu ulichoulizwa. Mimi ndiye sikusoma." Alinyamaza kidogo, kisha akaniagiza nimsomee barua ya hospitali iliyokuwa mezani, yote, mpaka mwisho.